Mvua nyingi sio lazima kanga wengi

Kila mvua zikishakata huku Dodoma meseji zinaanza kuingia, kaka mwaka huu imenyesha kweli kweli, kanga si watakuwa bwelele? Na ule mwaka ambao mvua imegoma wananiuliza kama kuna haja hata ya kuhangaika na leseni ya kuwinda hao ndege. Mi nawarudishia swali tu, ilinyesha lini na ilikatika lini, maana milimita za mwaka mzima peke yake hazikwambii kitu cha maana kuhusu kanga.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, mwezi wa 11 au 12 hadi wa 4, na kwa wastani Dodoma haipati zaidi ya milimita 600 kwa mwaka. Kiangazi chote kanga wanatembea kwa makundi makubwa, unaweza kukuta kundi zima linafukua ndago kwenye shamba lililolala. Mvua za kwanza zikishuka kundi linavunjika, wanagawana wawili wawili, madume yanafukuzana mchana kutwa. Jike anasubiri kwanza nyasi ziote za kumficha, anafukua kishimo chini ya kichaka, anataga, alafu analalia kama wiki nne hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mvua ikianza vizuri mwezi wa 12, vifaranga wengi wanatoka Februari na Machi.

Sasa Februari ndio kwenye utata, kwasababu mvua za Dodoma zina tabia ya kukatika katikati ya msimu, jua linawaka wiki mbili tatu, mahindi yanajikunja majani na watu wanaanza kuangalia juu. Kifaranga wa kanga siku za mwanzo hali mtama, anakula wadudu, panzi wadogo, viwavi, mchwa, kumbikumbi wakitokea. Nyasi zikikauka wadudu wanapotea, na mama hana maziwa ya kumnyonyesha, kwaiyo inabidi awatembeze mbali kutafuta, na huko njiani wapo nguchiro na mwewe wanasubiri. Ukikuta mama ana vifaranga kumi leo, rudi wiki ijayo uone wamebaki wangapi.

Na kinyume chake pia kinaua, hapa ndio watu wananibishia sana. Kifaranga wa siku tatu nne ana manyoya yale laini tu, akilowa hana namna ya kujipasha joto mpaka aingie chini ya mama. Nilishawahi kuwakuta asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, mama yuko kwenye kichuguu anapiga kelele, vifaranga wawili wamelala kwenye nyasi ndefu, manyoya yamegandamana mwilini mpaka ngozi inaonekana, hawana hata jeraha. Sio nyoka wala kenge, ni baridi ya maji. Na kwenye zile mbuga za udongo mweusi, kama kule Bahi, maji yakituama siku mbili mayai yote kwishney. Jike akipoteza mayai mapema anaweza kutaga tena, ila akiyapoteza mwezi wa 3 mwishoni msimu wenyewe ndio unaisha, hapo hana muda tena.

Kwaiyo mwaka mzuri wa kanga sio mwaka wa mafuriko. Ni mwaka ambao mvua imewahi, ikanyesha kidogo kidogo bila kukata, mvua za mchana jua linatoka jioni, basi. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023, zile zilizoambatana na maporomoko ya Hanang kule Katesh mwezi wa 12, watu waliona majani mabichi kila kona wakasema ndege watakuwa wengi. Majani yalikuwepo ndio, lakini majani sio vifaranga.

Tatizo lingine kubwa ni macho yetu. Msimu wa kuwinda unafunguliwa Julai, kiangazi, na watu wanahesabu ndege kwa kukaa kwenye lambo. Mwaka wa ukame madimbwi yote ya porini yameshakauka mapema, limebaki lambo moja, basi kanga wa eneo zima wanakuja kunywa hapo hapo jioni. Unahesabu mia na kitu unarudi mjini unasimulia. Wakati wa ule ukame wa 2021 kwenda 2022, ambapo ng'ombe walikufa kwa wingi Simanjiro na Longido, mtu aliyekaa kwenye maji angeweza kuapa kwamba ndege wameongezeka. Hawajaongezeka, wamebanana tu kama abiria wa daladala moja iliyobaki barabarani.

Mwaka wa mvua nzuri ni kinyume, maji yako kila bonde mpaka mwezi wa 8, nyasi zimekufika kiunoni, mtama umeanguka mashambani wanakula popote wanapotaka, unazunguka asubuhi nzima unasikia tu kelele zao kwa mbali. Unarudi mikono mitupu unasema mwaka huu hakuna ndege. Wapo bana, tena wapo wengi, subiri nyasi ziungue au zilale mwezi wa 9 utawaona.

Ndio maana mi siangalii idadi, naangalia kundi lina watoto wangapi. Chukua darubini, kaa mbali na maji usiwafukuze, angalia kichwa. Kanga mkubwa ana kile kipembe kirefu utosini na yale manyama ya buluu na mekundu mashavuni yamejaa. Wa mwaka huu, Julai anakuwa na miezi minne mitano, mwili umeshakaribia wa mama yake ila kipembe bado kifupi na manyama bado madogo, na wengine wana rangi ya kahawia shingoni. Kundi likiwa na vijana zaidi ya nusu, msimu ni mzuri hata kama kundi lenyewe ni dogo. Ukiona vipembe virefu vitupu, hao ni wazazi waliobaki bila watoto, na ukiwapiga hao unapunguza mbegu ya mwakani.

Kwale nao wana alama yao, ila hiyo unaiona mkononi. Dume ana kipi, yaani ule mwiba wa mguuni kama wa jogoo, wa mwaka huu kipi chake ni kifundo tu, ukikipitisha kidole gumba hakichomi. Mzee mmoja wa Manyoni ndiye aliyenionyesha, nilimwamkia shikamoo babu akaniitikia huku ameshashika mguu wa kwale wangu, akanambia, "Mjukuu wangu, huyu ni wa juzi huyu. Mwaka huu mtakula." Hakuuliza nimeona wangapi porini.

Sio kila ndege anafuata habari hii lakini. Firigogo, wale ndege wanaofanana na njiwa, wao ni tofauti kabisa, wanazaa kiangazi, kifaranga wao anadonoa mbegu tangu siku za mwanzo kwaiyo hahitaji wadudu, anahitaji maji, na baba ndio anayaleta, anaingia dimbwini anatota manyoya ya tumbo alafu anaruka nayo mpaka kwa watoto wanafyonza. Mi kwangu hakuna ndege porini anayemshinda huyo kwa akili. Firigogo mvua ya nje ya msimu ndio adui. Na kware wa porini, wale wadogo kuliko kwale, ndio usiseme, hao wanahama kufuata mvua, mwaka huu wamejaa kwenye nyasi mwakani hata mmoja humsikii, na haina maana kwamba wamekufa. Siaya kule Kenya wanawajua vizuri, wanamtundika dume kwenye kitundu juu ya mti aite wenzake, msimu wao ukifika.

Ushauri wangu kwa anayetaka leseni, usingoje Mei, anza kufuatilia tangu Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotoa utabiri wa msimu. Watu wanaishia kwenye "juu ya wastani" au "chini ya wastani", wanafunga ukurasa. Endelea kusoma, wanasema mvua inatarajiwa kuanza lini, itakwisha lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu, na hapo ndipo ndege wako wanapoamuliwa. Alafu mwezi wa 3 pigia simu mtu wa kijijini, muulize hali ya mahindi yaliyopandwa Desemba, kama yalinyauka Februari hata vifaranga walipata shida hiyo hiyo.

Walioko Manyoni, Itigi na Kondoa naomba mnisaidie kwenye komenti, mkikutana na makundi msiniandikie idadi, niandikieni wangapi wana kipembe kifupi na mmewaona mwezi gani. Picha ya kichwa ikiwepo ndio vizuri zaidi, hata kama imepigwa kwa simu.