Dumu la maji linatosha kuanzia

Wana Moshi, kama unachotaka ni kumbeba mtoto, kupandisha gunia ghorofani na kulala usingizi mzuri, mashine za jimu si lazima. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya mwili ya kiwango cha wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kutembea haraka dakika 30, siku 5, tayari ni 150. Kipimo: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Njia ya kupanda kuelekea Kibosho itakufikisha hapo upesi, na watoto wakija nao wamefanya mazoezi.

Kwenye nguvu ndiko watu wanakoumia. Dumu la lita 20 likijaa lina zaidi ya kilo 20, kwa hiyo usianze nalo. Na usilijaze nusu: maji yatachezacheza na kukuvuta upande. Anza na madumu mawili ya lita 5, yajae. Chuchumaa, mgongo umenyooka, magoti yafuate uelekeo wa vidole, madumu karibu na miguu. Inuka huku ukitoa pumzi. Mara 8, pumzika dakika 2, rudia mpaka zifike raundi 3. Kisha tembea nayo hatua 40. Kiuno huweza kuuma mtu akishika mzigo mbali na mwili, halafu akageuka akiwa bado ameinama. Ukitaka kugeuka, sogeza miguu.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, au kifua kubana, acha na umwone daktari.