Jason Dunford, bingwa wa majini tunayemsahau

Hapa Kisumu ukiuliza mabingwa wa Kenya utatajiwa Rudisha, Kipchoge, Mzee Keino, wote wa kukimbia, na mimi nawapenda wote jamani, lakini kuna mmoja wa majini ambaye nikimtaja watu wananiangalia tu. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, 1986.

Turudi Beijing 2008 kidogo. Mita 100 kipepeo, na kipepeo ndio stailo ya kuchosha kuliko zote, mikono miwili inatoka majini pamoja, miguu imeshikana inapiga kama mkia wa samaki, ukifika ile nusu ya pili mabega yanawaka moto na bado pumzi lazima uipate kwa mpigo. Kwenye mchujo jamaa akagusa ukuta kwa sekunde 51.14, rekodi mpya ya Olimpiki! Na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani? Ya Michael Phelps mwenyewe, yule mwogeleaji nyota wa Marekani, 51.25 ya Athens 2004. Ni kweli haikudumu, muda si muda Milorad Čavić wa Serbia akaishusha hadi 50.76, lakini kwa hizo dakika chache jina la Mkenya ndilo lilikuwa juu na hiyo hakuna atakayeifuta.

Fainali yake dunia nzima inaijua. Čavić yuko mbele, amenyoosha mikono anateleza kuelekea ukutani, Phelps akaongeza mpigo mmoja mfupi akamuwahi, 50.58 kwa 50.59. Video yake imechezwa mpaka basi, ila wanaoitazama wengi hawajui kwamba kwenye maji yale yale kulikuwa na Mkenya, akamaliza wa tano kwa 51.47, Mkenya wa kwanza kabisa kuogelea fainali ya Olimpiki. Kwangu hiyo namba tano ina uzito wa medali.

Delhi 2010 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mita 50 kipepeo, na London 2012 akabeba bendera yetu siku ya ufunguzi. Siku hizi anarap kwa Kiswahili kama Samaki Mkuki, vijana wengine wanamjua kwa hiyo tu.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Pale Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kuna watoto wanaogelea tangu hawajaanza shule, wana kifua na hawaogopi maji, lakini wanaogelea kichwa kikiwa juu kwa sababu ziwani lazima uangalie gugu maji na kiboko, na kichocho nacho kinawangoja. Pool nyingi za mjini ni za mahoteli na unalipa kuingia, halafu ile ya mita 50 tunayoisikia iko Kasarani, Nairobi, huko mtoto wa mvuvi atafikaje kila jioni baada ya shule? Kaunti ituchimbie yetu bana, yenye leni na saa kubwa ukutani, na kocha anayelipwa mshahara wake mwisho wa mwezi, na kiingilio kiwe pesa ambayo mama anayeuza omena anaweza kutoa bila kukopa.