Kupima kilovolti kwa mvuto wa sahani mbili, kwenye hewa nyepesi ya Nairobi

Multimita nyingi zina ukinzani wa megaomu 10. Hata ingekuwepo inayovumilia kilovolti 10, ingenyonya miliampia 1, ilhali mashine ya Van de Graaff ya maabara ya shule, inayozalisha volteji kubwa kwa mkanda unaobeba chaji, hutoa mikroampia chache tu. Ukiiunganisha, volteji inaporomoka papo hapo. Voltimita ya umemetuli haina tabia hiyo. Sahani mbili zenye chaji huvutana, wewe unapima mvuto. Zikishajaa chaji, mkondo pekee unaobaki ni ule unaovuja kwenye vihami.

Unaweza kuiunda kwa mizani ya vito inayosoma gramu 0.01. Fundi wa mabati Kamukunji atakukatia alumini ya mm 2: kisahani cha kipenyo cha sm 10, pete ya kukizunguka yenye tundu la sm 10.2 na upana wa nje wa sm 20, na sahani ya juu ya sm 20. Kisahani kinakaa juu ya mizani. Pete inasimama kwa miguu yake, uso wake sawa kabisa na wa kisahani, bila kukigusa. Vyote viwili viunganishe na ardhi. Waya wa kisahani uwe mwembamba na uliolegea, la sivyo utaisukuma mizani. Usiiache pete ukidhani ni pambo: bila hiyo, uga wa umeme unaopinda kwenye ukingo huongeza mvuto na hesabu inaharibika. Mwanafizikia Lord Kelvin aliitumia pete hiyo karne ya 19 kwa sababu hiyohiyo.

Sahani ya juu, yenye volteji, ining'inie kwa bolti tatu za nailoni, sm 1 juu ya kisahani. Pima pengo pande tatu. Kosa la mm 0.5 hapo ni kosa la asilimia 5 kwenye volteji.

Weka mizani kwenye sifuri, kisha washa chanzo cha volteji kilichounganishwa na sahani ya juu. Kisahani kitavutwa juu, hivyo namba itakuwa hasi. Acha alama ya hasi, chukua kipeuo cha pili cha gramu, zidisha kwa 5.3, upate kilovolti. Kilovolti 5 ni gramu 0.89, kilovolti 1 ni gramu 0.036 tu, kwa kuwa mvuto hufuata mraba wa volteji. Chini ya kilovolti 2 usiiamini. Mraba huohuo unaficha chanya na hasi, na kwa umeme wa AC unakupa thamani ya RMS (kipeuo cha pili cha wastani wa mraba wa volteji), si kilele.

Sasa suala la Nairobi. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Mvuto haujali hilo, kwa hiyo usomaji hauhitaji marekebisho, tofauti na kupima kwa cheche kati ya tufe mbili. Cheche ndiyo inayojali: pwani hewa huvumilia kilovolti 30 hivi kwa sentimita, hapa kama 24, na ukingo wenye ncha hushusha zaidi. Piga kingo msasa mpaka ziwe mviringo, na usivuke kilovolti 10 kwa pengo hili. Voltimita ya kununua isiyotaja mwinuko, mimi ningeikatia asilimia 20 ya kikomo chake.

Kati ya chanzo na sahani weka rizista, kipande cha kuzuia mkondo usiwe mkubwa. Moja ya robo wati huvumilia volti 250 tu, kwa hiyo nunua 40 za kiloomu 470 kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue na uziunge mfululizo. Transfoma ya maikrowevu isikaribie kifaa hiki. Mkondo wake unaua.

Namba ikitambaa polepole, futa nailoni kwa spiriti. Vumbi lenye unyevu wa masika huvujisha chaji. Ikirukaruka, ni upepo. Kinga kwa wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, uwe mbali na sahani ya juu, wala si kwa boksi la plastiki, ambalo hujichaji na kuvuta kisahani lenyewe. Ukizima, gusisha sahani ya juu na waya wa ardhi ulio kwenye fimbo kavu ya plastiki kabla mkono haujasogea.