Mapitio ya machapisho si orodha ya vitabu

Watahiniwa wengi wa uzamivu (PhD) huandika mapitio ya machapisho, sehemu ya tasnifu inayopima kazi zilizotangulia, hivi: fulani anasema, fulani anasema, aya baada ya aya. Jopo la mtihani likisoma hivyo linajua umesoma, ila halijui umefikiri nini.

Anza na swali, si jina. Chukua mgogoro wa ushairi wa Kiswahili: shairi linafanywa shairi na nini? Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alilitolea sheria za vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya *Kichomi*, yenye mashairi yasiyozifuata. Mwaka 1979 washairi Kahigi na Mulokozi wakajenga hoja kwamba vina na mizani si sharti. Basi aya yako ifunguke hivi: "Pande zote mbili zinadai mapokeo, ila kila upande unachagua mapokeo yake." Hiyo ni hoja. Majina yaje nyuma yake kuithibitisha.

Kabla ya kuandika, chora jedwali la safu nne: dai, ushahidi, nadharia, kilichoachwa. Ya nne ndiyo inayozaa pengo la utafiti, yaani kile ambacho bado hakijatafitiwa, nayo ndiyo hubaki tupu, kwa sababu watu husoma ikisiri (muhtasari wa mwanzo) na hitimisho tu. Namba ya ukurasa iandike papo hapo, tafadhali. Kuisaka usiku wa kuamkia kuwasilisha ni mateso.

Na usiandike "hakuna aliyetafiti". Andika "katika kazi nilizopitia". Mtahini akitaja tasnifu moja tu usiyoijua, pengo lako limezibwa mbele ya macho yako.