Kaniki ya shangazi

Jumamosi nilikuwa napiga video ya harusi Ngamiani. Bi harusi kavaa miwani, na kila nikimsogelea, vioo vinaonyesha fulana yangu nyeupe tu, macho hayaonekani. Nikamwomba shangazi yake kaniki, nikaitoboa (samahani, shangazi), nikapenyeza lenzi. Macho hayo!

Ujanja si wangu. Ni wa James Wong Howe, mzaliwa wa China, aliyeingia studio za Hollywood 1917 kwa kazi za chini kabisa. Mikanda ya kamera ya wakati ule iliigeuza buluu ikawa nyeupe, kwa hiyo macho ya buluu ya mwigizaji Mary Miles Minter yalitoka kama ya samaki wa kukaanga. Howe akaizungushia kamera mahameli nyeusi. Weusi ule ukaakisiwa machoni, macho yakakolea, na yule nyota akamtaka yeye awe mpigapicha wake.

Mwaka 1947 alizipiga picha ngumi za filamu ya Body and Soul akiteleza ulingoni kwa viatu vya magurudumu. Naye ujanani aliwahi kuwa bondia. Oscar mbili alipata, sawa, lakini mimi nabaki kwenye ile mahameli.

Shangazi kapiga simu tena leo asubuhi. Anataka kaniki mpya, na si ya bei rahisi.