Mwangalizi ana funguo? Siku yangu moja kama mfasiri wa nyaraka za uchaguzi

Saa 11 alfajiri. Nakaa Kimara, Dar es Salaam. Ukikaa Kimara, ama unaamka mapema ama unazeeka kwenye foleni. Naoga, navaa, natoka.

Saa 12 na nusu. Niko ndani ya basi la mwendokasi liendalo kituo cha Morocco, nimesimama, begi nimelipakata kifuani. Kazi yangu ni ufasiri na ukalimani, hasa wa nyaraka za uchaguzi zinazolipiwa na wafadhili wa nje. Majirani wanadhani nalipwa dola. Nalipwa shilingi, kwa idadi ya maneno, na mara nyingi baada ya kukumbusha mara tatu.

Saa 2 asubuhi. Mikocheni, ofisi ya shirika dogo lililonipa kazi. Chai ya rangi na mihogo ya kukaanga. Mezani kuna mwongozo wa kufundishia waangalizi wa ndani na vikundi vya watu wenye ulemavu. Kiingereza chake kimeandikwa na mtaalamu aliye Ulaya. Kiswahili changu kinatakiwa leo usiku.

Saa 3 hadi saa 6. Hapa ndipo asubuhi yote ilipoishia, kwenye neno moja: mwangalizi, yaani "observer" wa uchaguzi.

Kila mtu analitumia, nami nimelitumia miaka yote. Lakini lisikilize vizuri. Mwangalizi wa nyumba ndiye mwenye funguo. Ukimwachia mtu watoto akuangalizie, mmoja akianguka unamuuliza yeye. Kwetu kuangalia ni kutazama na kutunza kwa pamoja, na sidhani kama mswahili yeyote anavitenganisha anapolisikia.

Sasa fungua Tamko la Kanuni za Uangalizi wa Kimataifa wa Uchaguzi, lililozinduliwa Umoja wa Mataifa, New York, tarehe 27 Oktoba 2005. Mwangalizi haruhusiwi kuingilia. Akiona sanduku linabebwa kinyume cha taratibu, anaandika. Akiona mtu anafukuzwa kituoni, anaandika. Kisha anatoa taarifa. Funguo hana.

Siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Baada ya hapo swali la mtaani kwetu lilikuwa moja: "Sasa wale waangalizi walikuwa wanaangalia nini?" Tarehe 3 Novemba waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitoa tamko lao la awali kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia. Waangalizi wa Umoja wa Afrika nao wakasema uchaguzi haukukidhi kanuni na viwango vya umoja huo. Kwa lugha ya kidiplomasia, hayo ni maneno mazito sana. Kwa lugha ya baraza la kahawa, ni mtu aliyeachiwa nyumba akarudi kukueleza kwamba mlango ulikuwa wazi. Mimi ambaye neno hilo linanilisha sikuwa na la kuwajibu.

Saa 5 nampigia mtaalamu. Muungwana, lakini haoni tatizo liko wapi. Tunahamia sura ya msaada wa kitaalamu, na huko mambo ni yale yale: Umoja wa Mataifa, kwa utaratibu uliojengwa juu ya azimio la Baraza Kuu namba 46/137 la mwaka 1991, husaidia uchaguzi wa nchi pale nchi yenyewe inapoomba, au pale Baraza la Usalama au Baraza Kuu linapoagiza. Yaani mara nyingi hata fundi haingii mpaka mwenye nyumba abishe hodi kwake.

Saa 7 mchana. Wali maharage na matembele kwa mama ntilie. Nakula haraka.

Saa 8 na nusu. Temeke, mafunzo ya majaribio ya mwongozo wenyewe. Neno "jumuishi" limo karibu kila ukurasa. Mlango wa ukumbi una ngazi nne na hauna mteremko. Kaka mmoja dereva wa bajaji, anayetembelea magongo, alizipanda huku akicheka: "Mwalimu, hizi nazo ni sehemu ya somo?"

Tulikuwa na jalada tulilokata kwenye boksi, mfano wa kile kifaa cha wapiga kura wasioona: karatasi ya kura inaingia ndani, kila mgombea ana tundu lake na nukta nundu pembeni. Mama mmoja mtu mzima alilipapasa muda mrefu.

"Shikamoo mama. Umelionaje?"

"Marahaba mwanangu. Siku zote nakwenda na mjukuu. Nampenda, lakini kura yake na yangu hazifanani, na mimi sijui alipoweka ile alama."

Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza. Sheria inamruhusu kusaidiwa na mtu anayemwamini, asiwe msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu inakwenda mbele zaidi: kura yake iwe ya siri. Yote mawili niliyafasiri asubuhi. Yeye alikuwa ameshayajua kwa mjukuu.

Tukafika kwenye waangalizi. Mkalimani wa lugha ya alama akanyoosha vidole viwili kutoka machoni kwenda mbele, akamaliza. Nilimwonea wivu. Mimi nikaeleza kwa maneno mengi: haingilii, haamui, anaandika, anasema baadaye.

Dereva wa bajaji akanikatiza. "Kumbe ni shahidi. Mbona mnawaita waangalizi?"

Nikaanza kuandika. Mama akaniwahi: "Shahidi huitwa na hakimu. Huyu anaitwa na nani?"

Tulibishana mpaka muda ukaisha. Dada mmoja akauliza kwa nini wao, watu wenye ulemavu, huwa wanaitwa kwenye mafunzo miezi miwili kabla ya kura, fulana zikigawiwa, halafu kimya miaka minne. Nikamwambia wataalamu wana jina la alisemalo: mzunguko wa uchaguzi. International IDEA, shirika la kimataifa la kusaidia demokrasia, na Tume ya Umoja wa Ulaya walianza kuuchora miaka ya 2000, wakisisitiza kwamba msaada usisubiri mwaka wa kura. "Basi waambie," akasema, "ngazi hizi zinaweza kuvunjwa mwaka wowote."

Saa 11 jioni. Foleni. Nimesinzia.

Saa 3 usiku. Umeme upo, nashukuru. Nimeliacha "mwangalizi" lilivyo, maana ndilo lililoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Kwenye faharasa nimeandika: *anayeshuhudia uchaguzi na kutoa taarifa kwa umma, hana mamlaka ya kuusimamia wala kuulinda*. Nikamwekea mtaalamu maoni pembeni, nikitaja swali la yule mama.

Saa 5 usiku. Amejibu: maelezo ni marefu mno, hayaenei kwenye jedwali. Nimepunguza ukubwa wa herufi.