Randa tano juu ya ubao mmoja wa mvule

Umeme ulikatika Ndeeba, Kampala, saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa nne 2016, mvua ikinyesha. Uso wa meza wa mvule ulikuwa umelala kwenye benchi, bado una mawimbi ya mashine. Tulikuwa tumeuunganisha kwa mbao nne, kila moja futi sita kwa inchi kumi, unene inchi moja na robo, na mwenye meza alikuwa anakuja Jumatatu. Mzee mwenye karakana hakungoja umeme. "Leteni randa zenu," akasema, "huu tunaumaliza kwa mikono." Tulikuwa wanne: yeye, fundi wa Arua, fundi wa Bukoba na mimi, na Kiswahili ndicho tulichokutania wote. Mpaka jioni randa tano zilikuwa zimepita juu ya ubao ule ule. Ni nadra kupata nafasi hiyo, kwa kuwa kila fundi husifu randa yake kwa mbao yake mwenyewe.

Mvule si mbao ya kubembeleza. Nyuzi zake hupishana: ukanda mmoja umelalia huku, wa jirani umelalia kule, na ukiufuata mmoja unaunyofoa mwingine. Ndani yake hutokea madonge ya chokaa, magumu kama jiwe, na kisu kikigonga donge kinapata pengo papo hapo. Vumbi lake huwasha pua na ngozi. Hiyo ni sababu moja ya kuipendelea randa kuliko msasa wa mashine, kwa maana maranda huanguka chini, hayaingii kifuani.

Mzee ndiye aliyeanza, na Stanley namba 5, ile ya inchi 14 yenye kisu cha inchi 2. Kisu hicho alikinoa kwa tao, katikati kumetokeza zaidi kidogo ya milimita moja kuliko pembe zake, na chuma cha juu, kile kinachofungwa mgongoni mwa kisu, kilirudishwa nyuma milimita mbili hivi kutoka kwenye makali. Hakusukuma kufuata urefu wa ubao. Alikwenda mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akageuza mshazari wa pili ukikata wa kwanza. Ukikatiza nyuzi namna hiyo, mnyofoko hauendi ndani sana, na tao la kisu huzuia pembe zisichimbe mistari. Hatari iko ukingo wa mbali, ambako mbao humeguka randa inapotoka, kwa hiyo kwanza aliulaza kidogo ukingo huo. Baada ya nusu saa mawimbi yote yalikuwa yameondoka. Akaweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, akainama akachungulia juu yao. Pembe moja ilikuwa juu. Akairudia hiyo peke yake.

Halafu ikaja namba 7 yake, inchi 22, kisu inchi 2⅜, uzito zaidi ya kilo tatu na nusu. Kazi yake ni moja: urefu wake hauiruhusu kushuka bondeni, hivyo inakata vilima tu mpaka bonde liishe. Maranda ya kwanza hutoka vipande vipande. Yakianza kutoka marefu bila kukatika, ubao umenyooka, huhitaji rula kukuambia.

Fundi wa Bukoba alikuwa na randa ya mbao aliyoichonga mwenyewe, na kisu kilichofuliwa Katwe kutokana na springi ya lori. Chuma hicho kizuri ukikichemsha ipasavyo: kinapashwa moto mpaka sumaku isikishike tena, kinazamishwa kwenye oili, kinasafishwa king'ae, kisha kinapashwa tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu itokee. Ukiacha rangi ifike buluu, makali hayatadumu. Kisu hushikwa na kabari. Ukigonga kisu kwa nyundo ndogo kinashuka, ukigonga kisigino cha randa kinapanda. Mbao juu ya mbao huteleza vizuri kuliko chuma, na kwa wepesi hakuna iliyoishinda siku ile. Lakini haikuwa na chuma cha juu, na mdomo wake, ule mwanya wa chini ambamo kisu hutokeza, ulikuwa umepanuka kwa kulika. Kwenye mvule ikanyofoa mashimo. Dawa ya mdomo ni kupandikiza kipande cha mbao ngumu mbele ya kisu, akaahidi kufanya hivyo. Tatizo la chuma cha juu lilibaki pale pale. Kwa mbao ya musizi, ambayo ni laini, ningeichukua randa ile kabla ya nyingine zote.

Wakati huo fundi wa Arua alikuwa kwenye kona, ameinamia kioo cha dirisha. Randa yake ilikuwa mpya kutoka dukani, ya ukubwa wa namba 4, na haikuwa imewahi kukata maranda membamba. Ukiweka rula ya chuma kwenye uso wake wa chini na kuitazama kwenye mwanga, palipo mdomo palipita wembe. Hakuna kasoro mbaya kuliko hiyo. Ncha mbili zinagusa ubao na mdomo unaelea, kwa hiyo unalazimika kutoa kisu zaidi ndipo kiguse, na kikigusa kinakwama. Alibandika msasa namba 80 juu ya kioo, akachora mistari ya penseli kwenye uso mzima, akasugua. Kisu alikiacha ndani, kimerudishwa nyuma, kibano kimekazwa kama cha kazi, kwa sababu mkazo huo wenyewe hukunja chuma kidogo. Mistari ilipofutika sehemu tatu, mbele kabisa, ukingo wa mdomo na nyuma kabisa, akahamia namba 120, kisha 240. Pembeni mistari michache ilibaki, nayo haina madhara. Saa moja na nusu ilikwenda hapo.

Yangu ilikuwa Record 04 ya Sheffield, inchi tisa na ushee, kisu inchi 2. Muundo wake ni ule ule wa mvumbuzi Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley walinunua hataza zake mwaka 1869; ndiyo maana fundi aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine. Jambo moja la kuangalia kwenye randa hizi za zamani ni skrubu: nyuzi zake nyingi hazilingani na skrubu za dukani, na ukilazimisha utaharibu tundu.

Tulinoa pamoja, fundi wa Arua na mimi, kwenye jiwe la mafuta, upande mkwaruzo kisha upande laini. Kupima digrii 30 bila kifaa ni rahisi: urefu wa mteremko wa kisu uwe mara mbili ya unene wake. Unasukuma mpaka kidole kihisi ukingo umejikunja mgongoni, unageuza kisu kikiwa bapa kabisa, unauondoa, unamalizia kwenye mkanda wa ngozi.

Hapo tukaachana njia. Yeye alikiongezea kisu chake mteremko mdogo wa digrii 15 mgongoni. Kiti cha kisu, kile kipande ambacho kisu hulalia, kina mwinamo wa digrii 45, ukijumlisha 15 makali yanaukabili ubao kwa digrii 60, na kisu kilichosimama hivyo hukwangua zaidi kuliko kuchana. Mimi nilikwenda kwa chuma cha juu. Kwanza nilikibana kwenye kisu nikatazama mwanga. Ukiona mwanga katikati yao, maranda yataingia humo na randa itaziba kila hatua mbili. Ncha ya chuma hicho inasuguliwa kwenye jiwe, mkia wake ukiwa chini kidogo, ili kinachogusa kisu kiwe ukingo wa mbele tu. Kisha nikakisogeza mpaka ukabaki uzi wa kisu wenye unene wa karatasi mbili au tatu za kawaida, yaani milimita 0.2 hadi 0.3. Kaza skrubu, halafu angalia tena, maana ukikaza chuma kinasogea mbele. Na mdomo usiubane. Wengi hubana vyote viwili, randa ikaziba, wakamlaumu aliyeitengeneza. Kiti cha kisu kirudi nyuma kilingane na ukingo wa nyuma wa mdomo, kazi yote ifanywe na chuma cha juu.

"Ssebo, bwana, umekisogeza mno," Mzee aliniambia. Ilikuwa kweli: maranda yalitoka yamekunjamana kama karatasi iliyofinywa, na mikono ilichoka. Nikarudisha nyuma kidogo sana. Maranda sasa yakaruka juu yamenyooka, hayakujiviringa. Hiyo ndiyo dalili unayoitafuta.

Tuligawana ubao nusu kwa nusu. Wote wawili tulipaka nta ya mshumaa chini ya randa, na tulipogeuza gurudumu la kina tulimalizia kila mara kwa kusogeza kisu mbele, la sivyo kinarudi chenyewe katikati ya ubao. Nusu ya wa Arua haikunyofoka hata mahali pamoja, ila alisukuma kwa jasho na mbao ikabaki imefifia. Nusu yangu pia haikunyofoka, na ilimeta. Mzee aliupangusa uso mzima kwa kitambaa chenye maji kidogo, akausoma kwa mwanga wa mlangoni. "Kijana," akamwambia wa Arua, "kisu hiki weka akiba. Siku mkono wako ukishindwa kutega chuma, kitakuokoa." Nilikubaliana naye, na mpaka leo nakubaliana naye. Njia ya digrii 60 ni ya hakika na haihitaji macho makali. Njia ya chuma cha juu ni nyepesi mkononi na inaacha uso mzuri zaidi.

Kingo mbili za mwisho, palipo vichwa vya nyuzi, Mzee alizimaliza kwa randa ndogo ya kiganja, akitoka pembeni kuja katikati pande zote mbili ili zisimeguke.

Kitambaa kilionyesha pia doa moja, la ukubwa wa sarafu, kando ya jicho la mti. Pale nyuzi zilizunguka pande zote na randa zote tano zilishindwa. Fundi wa Bukoba akatoa mfukoni kipande cha msumeno wa zamani, akanyoosha ukingo wake kwa tupa, akaukunja kwa mgongo wa patasi, akakipinda kidogo kwa vidole gumba viwili na kukwangua kuelekea kwake. Mara ishirini hivi, akizunguka jicho. Kisha akaita tuje tupapase, na kidole hakikuona tofauti.